Mteja wa Bondeni

Blauzi ya mwalimu ndiyo iliyoanza. Ilikuwa blauzi ya kawaida kabisa, kitambaa cha bluu, kola ndogo, vifungo mbele, na Bi Mkasi alikuwa ameshona za namna hiyo tangu akiwa msichana. Mwalimu aliijaribu nyuma ya pazia. Alipotoka alikuwa ameinua mikono juu kama aliyekamatwa, na mikono ya blauzi ilining'inia ikapita vidole, ikapita mapaja, ikaishia magotini.

"Bi Mkasi, mimi ni mwalimu au nimekuwa nyani?"

Wakacheka wote wawili. Bi Mkasi alicheka zaidi kwa sababu aibu ilikuwa imemshika. Akasema ni uchovu tu, akaahidi kuirekebisha siku hiyo hiyo. Mteja alipoondoka akaitandaza blauzi mezani, akaipima, akaipima tena, kisha akakaa kwenye kiti akaitazama. Kitambaa alicholetewa na mwalimu kilikuwa kidogo. Kisingeweza kutoa mikono mirefu vile hata kama angekivuta kwa meno.

Lile jina la Bi Mkasi alipewa na mtaa, na alilipenda. Chumba cha mbele cha nyumba yake ndicho kilikuwa duka: cherehani dirishani, meza ya kukatia, kioo, pazia la kujaribia nguo, na sanamu la mbao la kuvalishia, lisilo na kichwa. Hakuandika kipimo cha mtu hata siku moja. Vyote vilikaa kichwani, vya mtaa mzima, na mafundi wenzake waliokuwa wakiandika aliwacheka waziwazi. Alikuwa na kiburi cha kichwa chake hicho, tuseme ukweli, na kilikuwa kiburi cha haki, kwa sababu hakuwahi kukosea.

Sasa alikosea kila siku. Suruali ya muuza nyama ilitoka nyembamba kiunoni na ndefu kupita kiasi. Sare ya mtoto wa jirani ilitoka na mabega ya mtu mzima na shingo ambayo ngumi ya mtoto huyo isingepita. Alikata kwa uangalifu, akashona polepole, akapiga pasi, na mwisho nguo zote zilikuwa za mtu mmoja. Alikuwa mtu mrefu, mwembamba wa shingo, wa mikono inayofika magotini.

Alipojaribu kukumbuka vipimo vya mwalimu, havikuja. Vya muuza nyama havikuja. Alipekua kichwa chake chote, akakuta vipimo vya mtu mmoja tu, vimekaa humo peke yao.

"Hivi ni vya nani?" alijiuliza kwa sauti.

Halafu akakumbuka.

Mumewe aliitwa Cheche. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, kibanda chake kiko ng'ambo ya barabara, na mageti karibu yote ya mtaa ule yalikuwa kazi yake. Moshi wa kazi hiyo ulikuwa umeingia kifuani na kukaa. Alikuwa akikohoa mpaka anashika ukuta. Daktari alimwambia aache moshi, na Cheche, ambaye hakuwa mtu wa kufanya mambo nusunusu, akaamua kuacha na mji wenyewe. Walikuwa wawili tu, hawakujaliwa watoto, nani wa kuwazuia? Watatafuta eneo porini, mbali na watu, waishi kwa mikono yao. Asali, samaki, viazi mwitu, na kibustani cha mboga. Aliongea habari hiyo asubuhi na jioni. Bi Mkasi hakulipenda pori hata chembe. Alimpenda Cheche, na hakutaka kuwa mjane, basi akakubali.

Walikwenda kutazama maeneo matatu. La kwanza lilikuwa nyanda za juu, majani matupu mpaka upeo wa macho, hewa safi, lakini kuni za kuokota ni mbali na upepo unang'oa hata mawazo. La pili lilikuwa kwenye mabwawa. Samaki wa kumwaga, na mbu wa kumwaga vilevile. La tatu lilikuwa bonde, chini ya miamba, na hapo Cheche alisimama akatazama huku na huku. Kulikuwa na chemchemi. Udongo mweusi, wa kukatika vizuri mkononi. Kuni kavu, matunda mwitu, nyuki katika mashina. Alivuta pumzi ndefu na hakukohoa.

"Mke wangu, hapa ndipo."

Hapakuwa na moshi wa nyumba popote. Hapakuwa na hata njia ya miguu. Mahali pazuri vile, na hakuna aliyewahi kujenga hapo. Walipaswa kujiuliza kwa nini, lakini walikuwa na furaha, na furaha huwa haiulizi maswali mengi.

Kando ya chemchemi palikuwa na kichuguu kirefu kama mtu aliyesimama. Kilikuwa na kitu mfano wa kichwa, shingo nyembamba, mabega, na ubavuni matuta mawili ya udongo yaliyoshuka kama mikono. Bi Mkasi alikuwa na utepe wake shingoni, maana hakuuvua hata akienda msibani. Akataka kumchekesha mumewe.

"Shemeji, hebu simama wima nikupime," akakiambia kichuguu, akazungusha utepe kifuani pake. "Haya, kifua. Mabega. Ee, mikono yako shemeji ni mirefu, kitambaa utaongeza!"

Cheche alikuwa anacheka mpaka machozi. "Mwache mwenye nyumba wa watu!"

"Mwenye nyumba gani, na hana shati? Shemeji, njoo tu dukani. Utakuta tayari."

Kifua cha kichuguu kilikuwa na joto. Alilisikia wazi chini ya kiganja, joto la mtu, na akajiambia ni jua, ingawa walikuwa kivulini. Ndege walikuwa wamenyamaza. Aliviringisha utepe wake, wakarudi mjini, na vipimo vile vikarudi naye.

Na hivyo ndivyo alivyokuwa amekaa sasa, dukani kwake, saa ya mchana, watu wanapita nje, akiitazama ile blauzi ya mwalimu ambayo siku zote hizo alishindwa kuirekebisha. Akaikunja haraka akaitia kwenye mfuko chini ya meza. Hakumwambia Cheche.

Ikaja harufu. Ilikuwa harufu ya udongo uliopigwa na mvua ya kwanza, harufu ambayo kwa kawaida humfurahisha kila mtu, ila huo ulikuwa msimu wa kiangazi na mabomba yenyewe yalikuwa makavu. Ilianzia nyuma ya pazia la kujaribia nguo. Alifagia, akadeki, akafukiza, na harufu ilikaa palepale. Kisha ukutani kukatokea njia ya mchwa, kamstari ka udongo mbichi, kakapanda kutoka sakafuni. Alikavunja kwa ufagio asubuhi. Mchana kalikuwa kamerudi, na kalikuwa kamefika mguuni mwa sanamu la mbao.

Akiwa jikoni alisikia cherehani ikienda. Ta-ta-ta-ta, kisha kimya, kisha ta-ta-ta. Alidhani ni Cheche anachezea. Akaenda na mwiko mkononi, akakuta duka tupu, gurudumu la cherehani linamalizia kuzunguka, na juu ya kiti chake mchanga laini, umekaa kwa umbo la mtu aliyekaa.

Cheche, kwa upande wake, alikuwa mzima wa afya. Kikohozi kiliisha ghafla, kama kilichokatwa. Alirudi kazini anapiga mluzi.

"Unaona? Bonde limeniponya kwa kuliona tu. Nikihamia je?" alisema. Alikuwa ameshaanza kuwagawia wenzake vyuma vyake. "Mwezi ukiandama tunaondoka."

"Mume wangu, twende mabwawani," Bi Mkasi akasema. "Au kule kwenye majani. Bonde hapana."

"Mabwawani ukaliwe na mbu? Wewe mwenyewe ndiye uliyelia na mbu."

"Nitavumilia."

"Bonde lina nini?"

Angesema nini? Kwamba amefanya utani na kichuguu?

"Sijui," akasema. "Roho yangu inakataa."

Cheche akacheka, akainua mkono kuchukua kikombe cha chai rafuni, na hapo Bi Mkasi akauona mkono wa shati lake. Ulikuwa umepanda, umeacha kifundo nje na kipande kizuri cha mkono.

"Hata hili shati limenirudi," Cheche akasema. "Na lile jingine pia. Sabuni gani unatumia siku hizi?"

Mashati yale aliyashona yeye. Kitambaa chake hakikuwa cha kurudi. Akamwomba asimame, akijifanya anataka kumshonea mapya, akatoa utepe shingoni akampima mkono kutoka begani, na aliposoma tarakimu alizijua, ndizo zile zile alizokuwa nazo kichwani, na akapima shingo ambayo zamani aliizoea nene ya fundi wa vyuma na utepe ukazunguka ukabaki mwingi mkononi mwake, na akapima mabega, na kifua, na kila mahali alipoweka kiganja ngozi ya mumewe ilikuwa na lile joto la kivulini.

"Unalia?" Cheche akamuuliza.

"Uzi umeniingia jichoni."

Asubuhi yake hakufungua duka. Alikwenda sokoni kwa mwanamke mmoja muuza mizizi, mwanamke wa makamo, mdomo mkali, ambaye watu walimwendea kwa siri na kumsema hadharani. Alimsikiliza huku anachagua magome, na kila Bi Mkasi alipojaribu kuruka jambo alimrudisha.

"Ulimwambia aje?"

"Nilimwambia aje dukani."

"Na ukampima kwanza."

"Ilikuwa mzaha tu, dada."

"Mzaha ni wako. Yeye alikuwa akipimwa kwa dhati." Akaacha magome yake, akashusha sauti. "Sikiliza. Yule hakuwa na umbo. Alikaa kwenye udongo, upepo ukipiga anatawanyika, mvua ikinyesha anamomonyoka. Wewe umempa urefu, umempa mabega, umempa mikono. Sasa ni mtu kasoro mwili, na mwili anautafuta ndani ya nyumba aliyokaribishwa. Mumeo akishakuwa sawasawa na vile vipimo, atatembea kwenda bondeni kwa miguu yake, na atakayefika huko hatakuwa mumeo."

"Nifanye nini? Niambie tu, nitafanya."

"Mshonee mumeo shati. La vipimo vyake mwenyewe, vya kabla. Akilivaa, mwili utarudi ndani ya shati na yule atakosa pa kukaa."

"Sivikumbuki!" Bi Mkasi akasema kwa sauti mpaka watu wakageuka. Akainama. "Sivikumbuki, dada. Amevifuta vyote."

"Hajafuta ulichokijua kwa mwili. Utepe usiutumie, huo ni wake sasa. Wewe ni mke wa mtu, humjui mumeo urefu bila utepe? Kata unachokijua. Usichokijua kiache. Afadhali shati lenye pengo kuliko shati la kubahatisha."

Alirudi nyumbani karibu anakimbia. Mchwa walikuwa wameshakula marobota yote ya kitambaa, yamebaki matundu matupu, isipokuwa kipande kimoja cheupe kwenye kona, hawakukigusa, kana kwamba kimewekewa mteja wao. Sanamu la mbao lilikuwa limefunikwa udongo kiunoni hadi mabegani. Juu ya shingo, ambako hapakuwahi kuwa na kitu, udongo ulikuwa umeanza kujenga.

Hakuthubutu kukitumia kile kitambaa cheupe. Alivua shuka kitandani, shuka lao wenyewe, akalitandaza mezani. Akafumba macho.

Alimkumbuka Cheche akirudi kazini, kila jioni, miaka yote ile. Kidevu chake mwenyewe kilifika wapi begani pake? Hapa. Akaweka alama ya chaki. Alipomkumbatia kiunoni, vidole vyake vilikutana nyuma na kubaki nafasi ya ngumi moja. Akaweka alama. Shingo, pale anapolaza paji lake akichoka. Mkono wa kulia alioujua kuliko kitu chochote, unaomzunguka mabega na vidole vyake kuishia penye hereni yake, hapa hasa, na akaweka alama huku machozi yanadondokea kitambaa. Mkono wa kushoto haukuwahi kumzunguka; kila jioni ulikuwa umeshika kofia yake nzito ya kuchomelea.

Nje wingu lilikuwa limetanda, wingu la ajabu kwa kiangazi, na duka likawa giza. Nyuma ya pazia kitu kilihema. Bi Mkasi akachukua mkasi. Akafanya haraka, akakunja kitambaa mara mbili jinsi kila fundi anavyofanya, akakata mikono yote miwili kwa mara moja, kwa alama ya ule wa kulia, akaketi kwenye cherehani na kuanza kushona.

Alikuwa anakaza kifungo cha mwisho pazia lilipotikisika.

"Fundi," sauti ikasema. "Nimekuja kuchukua."

Ilikuwa sauti ya Cheche, na haikuwa yake. Ilikuwa na ukavu ndani, kama mchanga unaomwagwa.

Hakumsikia akiingia. Mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo. Chini ya pazia aliona miguu ya mumewe, viatu vyake vya kazi, na kando ya viatu, vikigusa sakafu, ncha za vidole vya mikono.

Alitaka kukimbia. Aliogopa kiasi kwamba sindano aliyokuwa ameishika ilimwingia kiganjani na hakuhisi, na bado alisimama, kwa sababu ndani ya umbo lile, mahali fulani, palikuwa na mtu aliyemchekesha miaka yote na ambaye hakuwa na mwingine wa kumtoa. Akavuta pazia na kumwona ameinama kwa ule urefu wake mpya, shingo imechongoka, macho yake yamejaa udongo unaotembea, na mdomo ukitabasamu tabasamu la mteja aliyesubiri sana, na bila kujibu neno akamvisha shati kichwani, akaingiza mkono mmoja, ukamsukuma, akaingiza wa pili, ukamshika kisigino, na akavuta kwa nguvu zote kama mtu anayemvalisha mtoto anayekataa nguo, analia, anataja jina la mumewe lile la kitandani ambalo mtaa haukulijua, huku mchanga ukimwagika kutoka kwenye kola, kutoka kwenye mikono ya shati, ukimwagika na kumwagika mpaka ukafunika miguu yao wote wawili, na sanamu la mbao nyuma yake likapasuka kwa mlio wa mtu aliyevunjwa mfupa, na ile sauti kavu ikapiga ukelele mmoja mrefu ulioondoka kupitia dirishani, ukaenda mbali, ukaisha.

Cheche akaanguka juu yake. Akakohoa.

Akakohoa mpaka akashika ukuta, kikohozi kile kile kibaya cha moshi, na Bi Mkasi akakaa kwenye mchanga akacheka kwa furaha, maana hakuwahi kusikia kitu kizuri kama kile.

"Mbona umenivalisha shuka?" Cheche akauliza.

Walifagia pamoja. Njia za mchwa ukutani zilikuwa kavu, zilidondoka zenyewe kwa kuguswa. Harufu iliondoka. Bi Mkasi alimpapasa mumewe shingo, mabega, kifua, na kila kitu kilikuwa mahali pake, cha baridi kidogo na cha jasho, cha mtu aliyeugua. Vipimo vya mwalimu vilimrudia ghafla akiwa anazoa mchanga, na vya muuza nyama vikafuata, na akavitamka kwa sauti.

Jioni walikaa kwenye kitanda kisicho na shuka, wakanywa chai. Alikuwa amemsimulia yote, na Cheche hakucheka hata kidogo. Akasema yamemtosha, bonde hataki hata kulisikia.

"Tutakwenda kule kwenye majani," akasema. "Kuni tutazifuata, miguu tunayo. Hewa ni nzuri. Wewe unasemaje, mama?"

"Popote," Bi Mkasi akasema, na kwa mara ya kwanza alikuwa anamaanisha. "Popote ulipo wewe."

Cheche akatabasamu. Alikuwa ameshika kikombe kwa mkono wa kulia, anapuliza chai, anaeleza jinsi watakavyozungushia nyumba ua wa mawe kuzuia upepo. Mkono wa kushoto akampitishia nyuma ya mgongo kumkumbatia. Bi Mkasi akaegemea, akafumba macho.

Mkono ukampita bega. Ukashuka upande wa pili, ukafika kiwikoni pake, ukaendelea, na vidole vikazunguka mbele vikatua tumboni, na bado haukuwa umenyooka. Ulikuwa na joto.

"...na mlango tuuelekeze mashariki," Cheche alikuwa anasema, macho yake safi, yanamtazama yeye kwa upendo. Hakuwa na habari na mkono wake.

Vidole vikarudi juu taratibu. Kidole gumba kikakaa begani, cha mwisho kikanyooka hadi kwenye shingo, shubiri moja. Vikatoka shingoni kwenda bega la pili. Vikashuka uti wa mgongo, shubiri kwa shubiri, bila haraka, kwa umakini wa fundi anayeijua kazi yake, mpaka kiunoni. Kisha mkono ukarudi ukampigapiga begani mara mbili kwa upole, jinsi yeye mwenyewe anavyowafanyia wateja wake akishamaliza kuwapima.